Kitanda Kisicholala

Kati ya chumba changu na cha Vumilia kuna ukuta wa mbao, na mbao zenyewe zilipigiliwa na mtu mvivu. Ukikohoa huku, unapewa pole kule. Kwa hiyo mtu asiniulize nimeyajuaje ya ndani mwake. Sikuchungulia wala sikutega sikio. Nilijilaza tu kitandani kwangu, na maisha yake na mumewe yakanifuata.

Naitwa Ghati, Mama Fredy. Ni Mkurya wa Tarime, Msabato, na nauza uji na chapati pale kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu inayonguruma tangu asubuhi mpaka jua linazama. Hapa Nyamalulu, machimbo madogo ya upande wa Geita, nimekaa miaka kumi na moja. Nimegombana na karibu kila mtu. Vumilia sikuwahi kugombana naye, na si kwa wema wangu. Ni yeye tu hagombeki.

Alizaliwa Ushirombo, Msumbwa, binti wa fundi seremala wa misheni anayeitwa Donatus. Alibatizwa, akaimba kwaya, akamaliza darasa la saba. Alipofika miaka ishirini na mitatu alikuja huku na ndoo mbili za dagaa, akasema anakaa wiki moja. Wiki hiyo akakutana na Adam, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa kuzaliwa. Vumilia akasilimu, akafunga ndoa. Mzee Donatus alinuna miaka miwili mizima. Mwaka wa tatu akaja kuwatembelea, akakikagua kitanda alichokitengeneza mkwewe, akakitikisa huku na huku, kisha akakaa mezani akala. Seremala ana njia yake ya kusamehe.

Kitanda hicho nacho kina habari yake. Adam alikuwa fundi matimba. Matimba ni magogo yanayopangwa ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, ili kuta zisiporomoke. Kazi ya wachimbaji inategemea dhahabu, lakini uhai wao unategemea matimba. Adam alikusanya vipande vilivyobaki kazini, akavichonga, akavipanga kwa namna ileile ya chini ya ardhi, akapata kitanda ambacho watu wanne hawawezi kukinyanyua. Kisha akawa anajigamba nacho.

"Kitanda changu hakilali," alikuwa akisema. "Tunalala sisi."

Asiye mtu wa machimbo haelewi utani huo, na inabidi niueleze. Hapa shimo likiporomoka hatusemi limeua, wala hatusemi limeanguka. Tunasema duara limelala. Na mtu aliyebaki humo tunasema amelala. Neno kufa halitamkwi karibu na duara. Sijui nani alianza, lakini tumelizoea hivyo mpaka tunajikuta tunalikwepa neno kulala hata kwa mambo ya kawaida. Mtu akitaka kwenda kupumzika anasema anakwenda kujinyoosha. Mtoto akisinzia mgongoni tunasema amepitiwa. Adam peke yake alikuwa akilitamka neno hilo kila siku bila woga, tena kwa sauti.

Kila siku baada ya swala ya isha, kama saa mbili na nusu hivi, nilikuwa nasikia pa, pa, pa. Mara tatu. Ni Adam huyo, anakung'uta kitanda kwa ncha ya shuka. Niliwahi kumuuliza Vumilia kwa nini mara tatu, akaniambia ndivyo walivyofundishwa: mtu kabla hajalala akikung'ute kitanda chake, kwa sababu hajui ni nini kimekuja pale baada yake.

"Na kwa vumbi la karasha?" nilimuuliza. "Mara tatu si mnalihamisha tu?"

"Nilimwambia hivyohivyo," alisema akicheka. "Akaniambia vumbi ni letu, tatu ni za Mungu."

Baada ya kukung'uta walikuwa wanalala kwa ubavu wa kulia, kisha Adam anasoma dua kwa Kiarabu. Akimaliza anairudia kwa Kiswahili, taratibu, kwa ajili ya mkewe aliyeingia dini ukubwani. Vumilia alikuwa anafuatisha neno kwa neno. *Kwa jina lako, Mola wangu, nimeuweka ubavu wangu, na kwa jina lako nitauinua. Ukiishika nafsi yangu, irehemu. Na ukiiachia, ihifadhi kwa kile unachowahifadhia waja wako wema.* Miaka sita. Mimi Msabato niliyebatizwa kwenye maji ya Mara niliijua dua hiyo kuliko nyimbo za kanisani kwetu. Nilikuwa nafunika donge la chapati ikifika "ubavu wangu", na ikifika "waja wako wema" nazima taa.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikiwa imenyesha siku nne mfululizo, duara la Magesa lililala saa tatu asubuhi. Walikuwemo watu wanne. Mmoja alikuwa Adam. Aliitwa kwenda kubadilisha matimba yaliyoloa, mita arobaini chini, na alikuwa anabadilisha la tatu. Tulifukua siku tisa. Siku ya tano maji yakaingia, siku ya saba ukuta wa pili ukafuata, siku ya tisa wakubwa wakasema basi, tusije tukawapoteza na wanaofukua. Wakapiga uzio wa mabati kuzunguka kifusi. Waislamu wakawaswalia wenzao wawili bila miili, sisi wengine tukawaombea wetu wawili, na karasha ikawashwa siku ya kumi na moja. Nilichukia kuisikia, na siku hiyohiyo nilipeleka uji.

Vumilia hakulia.

Nayasema haya kwa sababu watu waliyasema vibaya. Walisema ana moyo wa jiwe, walisema labda anajua kitu. Mama yake, Mama Rebeka, alikuja kutoka Ushirombo akakaa naye wiki tatu, akalia kwa niaba ya wote wawili, akarudi. Mimi nilikuwa naye kila siku, na nitakuambia nilichokiona. Niliona mtu ambaye ameondoka akaacha mwili wake ukifanya kazi. Alikuwa anakaa eda, kwa hiyo haendi kuosha mchanga wala kutembea ovyo, nikampa unga anikandie nyumbani. Alikanda. Ukimwacha anakanda mpaka donge linakuwa gumu. Alitia chumvi, baada ya muda akatia tena. Wateja walilalamika, nikawaambia bei ya chumvi imeshuka. Siku moja aliweka kiganja juu ya kikaango cha moto ili akisogeze, akakiacha pale. Ni mimi niliyepiga kelele. Yeye aliutazama mkono wake, akasema, "Umeungua," kana kwamba ni mkono wa jirani.

Nikampaka asali. Nikamuuliza kama unauma.

"Sijui, Mama Fredy," alisema. "Naona tu."

Alikuwa anaswali swala zote tano. Hilo hakuliacha. Namsikia isha, nasikia anamaliza, kisha kimya. Hakuna pa, pa, pa. Hakuna dua. Usiku wa kwanza nikadhani amechoka, wa pili nikadhani kasahau. Wiki ya tatu mama yake alipoondoka niliingia kumletea maji, nikakuta ametandika mkeka chini sakafuni, na kile kitanda kimefunikwa turubai la bluu, limefungwa kamba miguuni kote.

"Mbona unajiumiza?" nilimwambia. "Kitanda kipo, wewe chini na baridi hii."

Alikaa kwenye mkeka. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Usiku ule alijinyoosha upande wa ukutani. Asubuhi aliamka, mimi nikatandika kijuujuu tu, sikukung'uta. Nikasema nitakung'uta jioni. Vumbi lake liko pale, Mama Fredy. Alama ya bega lake ipo kwenye godoro. Hawakuniletea kitu kingine."

Nikaitua ndoo ya maji.

"Nikikilalia lazima nikikung'ute," alisema. "Nikikikung'uta, linatoka."

"Basi jinyooshe hapohapo chini, lakini soma dua yako. Mbona sikusikii?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ile dua inasema ukiishika irehemu, ukiiachia ihifadhi. Usiku ule aliisoma. Asubuhi akaamka, nikamsikia anasema alhamdulillahi. Roho iliachiwa, ikarudi. Sasa ilihifadhiwa wapi? Saa tatu tu baadaye." Hakupandisha sauti. "Nikifika hapo mdomo haufunguki. Nimejaribu. Nikiishia katikati naona bora nisianze."

Siku nyingine nilimwambia amuulize ustadhi. Akamuuliza, ustadhi akamwambia ashike subira. Lilikuwa jibu zuri na halikumfikia, kama vile moto wa kikaango ulivyokuwa haumfikii. Na mimi mwenye ulimi mrefu kuliko wote Nyamalulu sikuwa na hata neno moja. Niliona aibu. Usiku nilikuwa nazima taa bila kujua ni saa ngapi.

Alikuwa hapati usingizi, hilo ndilo lililonitisha. Kwenye ukuta ule ninajua mtu aliyelala na mtu aliyelala macho. Miezi minne nilisikia mkeka ukichakacha mpaka majogoo. Alikonda mpaka pete ikaanza kumtoka, akaifunga uzi. Nikawa naogopa kwamba iko siku nitasikia kimya, na kimya hicho hakitakuwa usingizi.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Kuna kijana mtu mzima anaitwa Ngusa, Msukuma wa Shinyanga vijijini, kazi yake ni kuosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa na wengine. Ngusa anaamini dhahabu haiishi mahali, watu ndio wanaoishiwa subira. Amewahi kufagia sakafu ya duka la mnunuzi aliyehama, akaosha lile vumbi, akapata chembe. Tangu hapo kila vumbi kwake ni swali. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyepata mara moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, kiangazi kimekolea na vumbi liko mpaka kwenye uji, Ngusa, ambaye kila mwanamke anamwita mayu, yaani mama, aliniuliza, "Mayu, eti ni kweli mke wa fundi anajinyoosha chini na kitanda anacho?"

Kulikuwa na foleni, mafuta yanaungua, na nilikuwa nimelala saa mbili tu kwa sababu ya ule mkeka. Nikamjibu kwa hasira.

"Muache. Kwenye kile kitanda kuna mali ya Adam, na hataki iguswe."

Nilikuwa na maana ya vumbi lake, alama ya bega lake. Mali, yaani alichoachiwa. Lakini ningepaswa kujua niko wapi. Machimboni mali ni neno moja tu na maana yake ni moja. Ukisema umeona mali, umeona dhahabu. Foleni nzima iligeuza shingo. Mimi nikaendelea kugeuza chapati. Ulimi hauna mfupa, na wangu hauna hata gegedu.

Wakaanza kujumlisha. Fundi matimba anaingia kila duara. Fundi matimba anaona mwamba kabla ya mwenye duara. Mjane halii. Kitanda kizito watu wanne hawakinyanyui. Na juu ya yote, turubai. Hapa kitu kinachofunikwa turubai na kufungwa kamba ni mawe yenye dhahabu, hakuna kingine. Ungewauliza wao, ni Vumilia aliyebandika tangazo.

Jumamosi ile nilikuwa kanisani. Wanajua Jumamosi siko. Nilirudi saa saba mchana, nimeshika Biblia na viatu mkononi, nikaona watu wamejaa uani kwetu. Godoro liko nje juani, limeegemezwa ukutani. Turubai limetandazwa chini. Vijana wawili wanalipiga godoro kwa fimbo, vumbi linapanda, na Ngusa amechuchumaa pembeni na karai lake la kuoshea, anakusanya kinachodondoka kwa ufagio mdogo, kwa uangalifu wote, chembe isipotee.

Vumilia alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka bombani na ndoo ya maji iko kichwani. Hakuwa ameitua. Alikuwa anatazama tu, shingo imenyooka, maji hayamwagiki.

Nilipiga kelele mpaka karasha ikazimwa. Sitayaandika yote niliyosema, mengine yalikuwa ya Kikurya na hayana tafsiri ya kanisani. Niliwaambia mjane yuko kwenye eda na nyinyi madume mnaingia chumbani kwake. Niliwaambia mama zenu wakifa mtawaosha kwenye karai mpate chembe. Nilimpiga Ngusa na kiatu cha kanisani.

"Mayu, tungegawana naye!" Ngusa alikuwa anasema, amejikinga na mkono. "Nusu kwa nusu! Wewe ndiye uliyesema kuna mali!"

Watu wote wakanigeukia. Vumilia naye akanigeukia, na ndoo yake kichwani.

"Nilisema mali," nikamwambia. "Nilisema vumbi la Adam. Sikusema dhahabu. Vumilia, sikusema dhahabu."

Hapo ndipo walipoelewa, mmoja baada ya mwingine. Nilimwona Ngusa akiangalia karai lake, kisha godoro, kisha kule kwenye uzio wa mabati. Fimbo zikashuka. Yule aliyekuwa na fimbo nene aliiweka chini polepole, akavua kofia. Wote wale walikuwa wamefukua siku tisa. Ngusa mwenyewe kucha mbili ziliondoka kwenye kifusi kile.

"Hatukujua, mayu," alisema, na safari hii alikuwa anamwambia Vumilia.

Vumilia alitua ndoo. Akaenda mpaka alipo Ngusa, akachuchumaa, akalitazama karai. Lilikuwa na vumbi kama konzi mbili hivi, la kijivu, na nyuzi za godoro, na mdudu mmoja mkavu. Akatia kidole. Akalisugua vumbi kati ya kidole na kidole, muda mrefu, kama anavyofanya mtu anayepima mchanga. Halafu akalipeleka puani.

Nilidhani sasa atalia. Nilitaka alie, Mungu anisamehe, nilitaka kitu chochote.

"Ni vumbi la karasha," alisema.

Akakipangusa kidole kwenye khanga.

"Ni la karasha tu. Ndilo lililoko kwenye sufuria zangu. Ndilo liko kwenye nywele zako, Mama Fredy." Akageuza karai kidogo, akalitazama tena. "Miezi minne nimelilinda. Kumbe hayumo humu."

"Vumilia," nilisema.

"Hayumo," alisema, na nilisikia sauti yake imekwaruza mahali, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. "Na kule kwenye kifusi pia kuna vumbi tu. Basi yuko alikohifadhiwa. Maana lazima awe mahali."

Akanyanyuka, akanipa karai. "Kamwage," akasema, akabeba ndoo yake akaingia ndani.

Sijui alitaka nilimwage wapi. Nadhani popote kwake palikuwa sawa. Kwangu hapakuwa sawa. Mimi ndiye niliyelisemea, na sikuweza kulitupa nyuma ya choo kama taka. Nililibeba mpaka kwenye uzio, nikapenya palipo na bati lililolegea, nikalimwaga juu ya kifusi cha duara la Magesa taratibu. Niliomba kwa namna ya kwetu, kwa sababu sina namna nyingine. Mtu hakuniona, na hata Vumilia sijamwambia.

Vijana walilirudisha godoro, wakalipanga vizuri wakiinamisha macho. Ngusa akaona mshono mmoja umefumuka kwa fimbo, akasema atakuja asubuhi na sindano ya magunia aushone. Nikamwambia asipokuja nitamfuata.

Jioni ile jua lilizama kama kawaida. Nikasikia adhana ya mbali, nikasikia anatawadha, maji yanadondoka kwenye beseni. Aliswali isha. Kisha akaswali na ile witri, rakaa ya kufungia, ambayo Adam alikuwa anaiita kufuli. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu na bakuli la unga mapajani. Nilikuwa nangoja, na naona hata aibu kusema jinsi nilivyokuwa nangoja.

Pa.

Nikaacha kukanda.

Pa. Pa.

Zilikuwa nyepesi, za mkono usio na nguvu, lakini zilikuwa tatu. Kisha nikasikia uzito ukikaa juu ya matimba ya Adam. Kitanda hakikulia hata kidogo, hakijawahi kulia. Nikasikia anageuka kwa ubavu wa kulia, uso ukutani, upande wangu. Alikuwa amelala mahali pa mumewe. Akaanza kwa Kiarabu, akaenda mpaka mwisho haraka haraka, kwa sababu Kiarabu kwake ni sauti. Akapumzika. Akaanza kwa Kiswahili.

"Kwa jina lako, Mola wangu, nimeuweka ubavu wangu, na kwa jina lako nitauinua." Kimya kidogo. "Ukiishika nafsi yangu, irehemu." Kimya. "Na ukiiachia..."

Nikangoja.

"Na ukiiachia..." alisema tena, kisha nikasikia pumzi zake zinakwenda na kurudi, zinakwenda na kurudi, na neno halitoki. Nilijua yuko wapi. Yuko saa tatu asubuhi. Nikajua pia kwamba akiishia hapo atashuka kitandani, atachukua mkeka, na mimi sitamwona tena akirudi.

Mimi si Mwislamu. Sijui kama inaruhusiwa. Niliweka mdomo kwenye ufa wa mbao, na mkono wangu wa unga ukutani, nikasema:

"Ihifadhi."

Sikuutoa mdomo kwenye ufa.

"Ihifadhi," ikasema sauti ya upande wa pili.

"Kwa kire unachowahifadhia," nikasema. Sisi Wakurya herufi ya l ilitupita, hata kwa Mungu tunaitamka tulivyojaliwa.

"Ni *kile*, Mama Fredy," alisema. "Siyo *kire*."

"Haya. Kire."

Nikasikia kitu. Pua iliyotoa hewa ghafla, kicheko kilichozaliwa kabla ya wakati wake. Kisha kikageuka, na Vumilia akalia. Alilia kwa sauti, uso kwenye godoro, miezi minne yote, na mimi upande wangu nililia naye, machozi yakaingia kwenye unga. Sikwenda kumbembeleza. Ukuta ulitosha. Alipomaliza akapenga kamasi, akasema maneno yaliyobaki peke yake, polepole, mpaka "waja wako wema". Nikazima taa.

Nilikaa macho nikisikiliza. Hakuna mkeka uliochakacha. Baada ya muda nikasikia kukoroma, kukoroma kwenyewe, kwa mtu mwembamba vile sikutarajia. Nililala nikiusikiliza mkoromo huo.

Alfajiri nilimsikia akiamka. Akasema alhamdulillahi, akaswali, akarudi kitandani. Ile nayo hakuwahi kuifanya.

Saa mbili asubuhi nilikuwa bado napakia sufuria za uji kwenye mkokoteni, Ngusa akaja na sindano yake ya magunia na uzi wa katani, amenawa uso, amechomekea shati.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa ile kazi ya godoro. Mke wa fundi yupo?"

"Huwezi kushona sasa hivi," nilimwambia. "Amelala."

Sindano ilimdondoka. Ngusa alibadilika rangi, mdomo ukabaki wazi, akautazama mlango uliofungwa kisha akanitazama mimi.

"Amelala?" alinong'ona. "Lini?"

Nikaelewa. Nikamshika mkono nikamvuta chumbani kwangu mpaka kwenye ufa wa ukuta, nikambana sikio lake pale kwenye alama ya unga wa jana, asikie mwenyewe.

"Usingizi, wewe," nilimwambia. "Amelala usingizi."